Shajara ya Gakaara Ilipofika Embu

Miaka ya themanini, nilipokuwa kijana Embu, vita vya msituni vya Mau Mau dhidi ya Waingereza havikuzungumzwa nyumbani. Guka, babu yangu, alichimba mifereji ya mpunga Mwea akiwa mfungwa, enzi ambazo Mwea ilikuwa ndani ya Wilaya ya Embu, lakini ukimuuliza alikujibu habari za ng'ombe. Mau Mau bado kilikuwa chama haramu kisheria.

Gakaara wa Wanjau nilimjua kupitia kwa mjomba, mwalimu wa shule ya msingi. Gakaara alikuwa mtu wa Nyeri, ila Kigikuyu chake sisi Waembu hatukuhitaji kufasiriwa. Alitumikia jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Pili, akarudi akawa mwandishi na mchapishaji. Mwaka 1948 alitoa kijitabu cha Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, akakamatwa. Kwa miaka minane alizungushwa kambi kwa kambi, Manda hadi Hola, huku akiandika shajara kwa siri. Baadhi ya wanahabari wa kizungu waliandika vita vya Mau Mau wakiwa hotelini Nairobi. Yeye aliviandika akiwa ndani ya seng'enge, na kwangu yeye ndiye ripota wa kuaminika.

Shajara ilitoka kama kitabu mwaka 1983, ikashinda Tuzo ya Noma ya vitabu vya Afrika mwaka 1984. Ungedhani serikali ingempigia makofi. Mwaka 1986 alikamatwa tena, akihusishwa na Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali. Mjomba akakifunga kitabu kwa gazeti, akakitia kwenye debe la mahindi. "Mtu akikuuliza, hujakiona," aliniambia.

Marufuku ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, miaka miwili baada ya kifo cha Gakaara. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa fidia watu 5,228 walioteswa wakati wa vita hivyo. Hapo ndimi zikalegea: wazee walionyamaza maisha yao yote wakaanza kutaja kambi, vyeo na walinzi hadharani, matangani na sokoni. Guka alikuwa ameshazikwa.

Leo maktaba ya taifa mjini Embu ina jina la Kubu Kubu, jenerali wa msituni. Wameru wana majenerali wao, Mwariama, aliyetoka msituni 1963, na Baimungi. Majina tunayo, shajara kama ya Gakaara sijaiona kutoka upande wetu. Kama kwenu yuko mzee au nyanya aliyepitia kambi hizo, nenda na daftari wiki hii. Wengi wao wameshavuka miaka themanini.