Baiskeli Juu ya Makombe

Kwa mtu wa pwani sauti ile haina haja ya kuelezwa. Ni sauti ya viatu juu ya makombe yaliyosagika, maji yakiwa yamekupwa. Kilichonishangaza ni mahali nilipoisikia: chini ya matairi ya baiskeli, ndani ya msitu wa misonobari wa Uholanzi, bahari iko mbali huko magharibi. Nilisimama, nikainama, nikaokota kipande. Kombe kweli, lenye mifereji yake midogo mgongoni, weupe wake umeanza kuingia ukijivu.

"Mjomba, ukiokota moja moja tutafika usiku," akasema mpwa wangu.

Yeye anasoma mambo ya udongo katika Chuo Kikuu cha Wageningen, ambacho wataalamu wengi wa kilimo wa kwetu wamekipitia. Kwa hiyo nilipouliza, nikapewa somo. Makombe husombwa kutoka baharini, humwagwa njiani, hushindiliwa. Mvua ikinyesha maji hupenya chini badala ya kutuama, na jioni ule weupe humwonyesha mtu njia. Nilisikiliza kwa adabu, kombe nikalitia mfukoni.

Tulikuwa tumetoka stesheni ya Ede-Wageningen saa tatu asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya Agosti, tukienda Apeldoorn kwa kupita Otterlo na Kootwijk, kilomita 40 hivi za eneo la Veluwe. Baiskeli yangu ilikuwa ya kukodi, ile aina wanayoiita baiskeli ya changarawe: fremu nyepesi, usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume, matairi mapana kuliko ya baiskeli za mashindano. Mpwa wangu alikuja na yake ya kila siku, nyeusi, nzito, ya kufunga breki kwa kurudisha pedali nyuma. Nilimhurumia kabla hatujaanza. Huruma hiyo haikudumu hata dakika kumi. Yeye ndiye aliyekuwa akinisubiri.

Ramani hatukuwa nayo. Tulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa selotepu kwenye usukani, na juu yake namba tupu. Kila njia panda ina kibao chenye namba yake. Unatoka namba hii unaifuata ile, basi. Mtindo huu ulianzia ng'ambo ya mpaka, Limburg ya Ubelgiji, mwaka 1995, na aliyeubuni ni Hugo Bollen, mhandisi wa migodi. Mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe wa huko ulifungwa 1992. Mtu aliyezoea njia za chini ya ardhi akazipandisha juu, akawapa waendesha baiskeli. Palipokosa namba palikuwa na uyoga: kibao kifupi chenye kichwa kipana, kinachofika magotini, mishale na kilomita zimeandikwa juu yake. Huo ni wa mwaka 1919, wa ANWB, chama ambacho leo kinajulikana kwa kuwaokoa wenye magari yaliyoharibika barabarani lakini kilianzishwa 1883 na waendesha baiskeli.

Ghafla miti ikaisha. Mbele yetu uwanda wa Ginkel, tambarare kama mkeka, wote zambarau. Nasema zambarau nikimaanisha lile tunda lenyewe: rangi ya ulimi wa mtoto aliyeshinda chini ya mzambarau. Waholanzi huuita uwanda wa namna hii heide. Kichaka kinachoupa rangi ni kifupi, hakifiki gotini, shina lake gumu kama waya. Ukichungulia, kila kijitawi kimebeba vikengele vidogo kuliko punje ya mchele, mamia kwa mamia, na nyuki hawana nafasi ya kupumzika. Baada ya wiki mbili tatu vitakauka, uwanda urudie ukahawia wake. Hapa ndipo askari wa miavuli wa Uingereza walipotua Septemba 1944, katika vita vya kugombea daraja la Arnhem. Leo walikuwepo kondoo, na bibi mmoja aliyelala chali kwenye benchi, kofia usoni.

Ukitazama hivyo utasema hili ni pori la asili. Hata kidogo. Uwanda huu ni kazi ya umaskini.

Udongo wa Veluwe ni mchanga uliosukumwa na barafu zamani za kale, rutuba hauna. Wakulima wa zamani walifyeka misitu wakaachia kondoo. Usiku kondoo walilala zizini, na wenyeji walikwenda uwandani kuichuna ardhi ngozi yake, majani na mizizi, wakaitandika zizini ichanganyike na samadi, kisha wakaibeba hadi shambani. Karne kwa karne. Ili kijishamba cha nafaka kistawi, ilibidi eneo kubwa mara kadhaa lichunwe. Miti haikupata nafasi ya kurudi. Kilichovumilia ni kichaka hiki. Baadaye ikaja mbolea ya kiwandani, ikaja sufu ya bei rahisi kutoka ng'ambo, kondoo wakakosa kazi. Sehemu kubwa ya heide ikapandwa misonobari, na mingi ilikusudiwa kuwa nguzo za kuegemeza paa za migodi. Kumbe hata msitu tuliopita asubuhi ulipandwa kwa safu kama mkonge.

Kilichobaki kinauguzwa. Kondoo wa Ginkel wana zizi lao na mchungaji, na kazi yao kubwa ni kula nyasi na miche ya miti isije ikauteka uwanda. Adui mwingine hawezi kuliwa. Amonia, yenye naitrojeni ndani yake, inapanda kutoka kwenye mabanda ya kuku, nguruwe na ng'ombe ya bonde la jirani, inashuka hapa kama mbolea isiyoombwa. Nyasi zinaifurahia, heide inasongwa. Mwezi wa Mei 2019 mahakama ya juu ya masuala ya utawala ilitengua utaratibu wa serikali wa kutoa vibali vya naitrojeni, na Oktoba wakulima wakaingia The Hague na matrekta yao. Mpwa wangu alieleza haya akiendesha kwa mkono mmoja, mwingine unaonyesha mafungu ya nyasi katikati ya zambarau. Nilipomwuliza yuko upande wa nani, akasema ana mtihani wa somo hilo Oktoba, nimwulize baadaye.

Nikagundua pia kwamba kila baada ya dakika nageuka nyuma. Tangu Ede hatukuwa tumesikia honi hata moja, lakini shingo ina mazoea yake. Shingo yangu imekulia barabara ya Morogoro, ambako mwenye baiskeli na magunia yake ya mkaa husukumwa na honi ya lori mpaka kwenye vumbi la pembeni, na akianguka anaulizwa yeye alikuwa anatafuta nini barabarani.

"Mjomba, umesahau kitu?"

Wala wenyeji hawakuzaliwa na utulivu huu. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 3,000 Uholanzi, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliingia barabarani na mabango. Vuguvugu lao lilijiita, bila kupaka sukari, Komesheni Mauaji ya Watoto. Mwaka 1973 mafuta yalipoadimika serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, watu wakapata kuona barabara tupu inafananaje. Njia za uwandani zilikuwepo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kilichoongezeka ni kwamba mtu sasa anaweza kuzifikia kutoka mlangoni kwake bila kukanyagwa.

Otterlo tulikunywa kahawa na kula pai ya tofaa. Hapo ndipo lilipo lango mojawapo la Hifadhi ya Hoge Veluwe, hekta 5,400 ndani ya uzio, pamoja na makumbusho ya Kröller-Müller yenye michoro mingi ya Vincent van Gogh, na baiskeli nyeupe 1,800 ambazo mgeni aliyelipa kiingilio huchukua yoyote bila kulipa tena. Mpango huo ulianza 1974. Hatukuingia. Mwenzangu ameingia mara nyingi, na mimi nilifuata njia. Kitu cha kutaja ni mazungumzo ya meza ya jirani, yaliyokuwa juu ya mbwa mwitu. Hawa wa Ulaya, wa kijivu. Si wale wetu wenye madoa. Walirudi Veluwe baada ya zaidi ya karne moja, na 2019 wakazaa. Meza nzima ilikuwa na maoni. Baada ya Otterlo njia hupita karibu na uwanja wa shabaha wa jeshi pale Harskamp, na kwa dakika kadhaa ndege walinyamazishwa na milio ya risasi. Tulikanyaga pedali bila kusemezana.

Kisha jangwa. Sitanii. Kootwijk kuna mchanga mtupu, mamia ya hekta, vilima vyake vinahama na upepo. Ndiyo gharama ya ule uchunaji: ardhi iliyovuliwa ngozi kupita kiasi ilitoa mchanga, mchanga ukafukia mashamba. Wachimbuaji wa mambo ya kale katika miaka ya 1970 walikuta chini yake mabaki ya kijiji cha zama za kati. Idara ya misitu ya serikali ilipoundwa 1899, moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuufunga mchanga wa hapa kwa misonobari. Leo idara hiyohiyo inaikata baadhi ili upepo upate pa kuchezea, maana wadudu na kuvu wa mchanga mtupu wameadimika Ulaya. Babu alilipwa apande, mjukuu analipwa ang'oe.

Pale njia inapomezwa na ukingo wa mchanga, mpwa wangu alishuka akakokota. Mimi nikaona aibu kushuka. Tairi la mbele likazama, usukani ukageuka, nikaendelea na safari peke yangu, hewani. Kiwiko kilichubuka kidogo, heshima zaidi. Alinipa pole, halafu akabonyeza tairi langu kwa kidole gumba.

"Mjomba, hili jiwe. Nani kakujazia?"

Nilijijazia mwenyewe. Kwetu upepo mwingi ndiyo bima ya pancha. Akafungua kifuniko cha valvu, akabonyeza pini, fsss, akaonja kwa kidole, akabonyeza tena, mpaka tairi likakubali kubonyea. Tairi pana lenye upepo kidogo hutandaza uzito, akasema. Likijaa sana huchimba. Tulipokamata changarawe tena nilidhani nimebadilishiwa baiskeli. Mikono ilikuwa imeacha kufa ganzi.

Radio Kootwijk tuliifikia alasiri. Jengo kubwa la zege limekaa peke yake katikati ya heide kama mnyama aliyejilaza, bwawa mbele yake. Mchoraji wake ni Julius Luthmann, nalo lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Uholanzi izungumze na koloni lake la Indonesia bila kutegemea nyaya za mataifa mengine. Walipachagua kwa sababu hapakuwa na kitu. Mwaka 1929 raia wa kawaida waliweza kupiga simu hadi Bandung, kwa bei ambayo raia wa kawaida hakuwa nayo. Minara mirefu ya mawasiliano imekwisha kuondolewa. Tulikula mikate yetu kwenye kivuli cha ukuta, upepo ukipita juu ya maua.

Karibu na Apeldoorn tukaanza kusikia uvumi wa barabara kuu ya A1. Juu ya barabara kubwa za Veluwe wamejenga madaraja ya wanyama, la Woeste Hoeve tangu 1988: udongo, vichaka na miti juu yake, kulungu na nguruwe mwitu wapite huku magari yakipita chini. Mikumi sisi tuna kibao cha faini, twiga kiasi hiki, nyani kiasi hiki. Faini huja mnyama akishakufa.

Ukijaliwa kufika, nenda nusu ya pili ya Agosti, kabla heide haijakauka. Kata tiketi ya baiskeli pamoja na yako ya treni. Punguza upepo kabla ya kuondoka, si baada ya kuanguka. Na ukifika kwenye mchanga wa Kootwijk, shuka ukokote. Wenyeji wote niliowaona walishuka.