Kila mtu anataka kuwa yatima

Leo tuipumzishe siasa kidogo. Wiki nzima nimeandika habari za vikao na kichwa kimechoka. Nataka kuzungumzia mchezo ambao mimi na marafiki zangu watano tunaucheza kila Jumamosi usiku hapa Dar, tukiwa tumeizunguka meza ya kulia chakula. Na hasa nataka kuzungumzia ugonjwa nilioubaini kwenye meza hiyo: kila mtu anataka kuwa yatima.

Kwa wasioujua, mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons. Waliubuni Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukaanza kuuzwa mwaka 1974. Si kama drafti au karata, maana hauna mshindi. Mtu mmoja anakuwa msimulizi. Yeye ndiye anayeeleza mko wapi na mnaona nini, na ndiye anayeigiza wanakijiji, majambazi na mazimwi. Wengine, kila mmoja anaigiza mhusika mmoja aliyemtunga mwenyewe na kusema anafanya nini. Pale ambapo haijulikani kama jambo litafanikiwa, mnarusha dadu yenye pande 20. Yaani ni ile paukwa pakawa ya bibi, isipokuwa hapa wasikilizaji wanaruhusiwa kuingia ndani ya hadithi na kuivuruga. Mezani kwetu msimulizi ni mimi.

Kabla ya kuanza lazima utunge mhusika wako, na hapo ndipo watu wanapokesha. Kila mhusika ana sifa sita zinazopimwa kwa namba: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima na mvuto. Enzi zile za 1974 ulirusha dadu tatu kwa kila sifa, ukaandika kilichotoka, mjadala umekwisha. Mchezo mwingine wa namna hii, Traveller wa mwaka 1977, ulikuwa mkali zaidi. Mhusika wako aliweza kufa wakati bado unamtunga, hata hamjaanza kucheza! Siku hizi mambo ni laini. Toleo la tano la Dungeons & Dragons, lililotoka 2014, linakuruhusu kuchukua namba 15, 14, 13, 12, 10 na 8 na kuzipanga upendavyo.

Basi watu wanapiga hesabu. Wapi niweke 15, wapi nifiche hii 8 isiniumbue. Rafiki yangu mhasibu alitumia jioni mbili na daftari, utadhani anafunga mahesabu ya mwaka. Sina ugomvi na hilo, hesabu ni sehemu ya raha. Shida ilikuja nilipowauliza kila mmoja: haya, mtu wako huyu ni nani?

Mhasibu: mpiga mishale, wazazi wake waliuawa na joka, hana ndugu, anatembea peke yake. Wakili: mwizi, alitupwa mlangoni mwa hekalu akiwa mchanga. Fundi wetu wa kompyuta: mwanazuoni wa uchawi, kijiji chake chote kiliteketea. Mwalimu: kuhani, mayatima wenzake aliokua nao wote walikufa kwa tauni. Nikajisemea, jamani, hii ni meza ya mchezo au ni kituo cha kulea watoto?

Na hawa si watu waliokosa ubunifu. Wakili huyo huyo akianza kukueleza kisa cha mteja wake, chai inapoa mkononi. Pia nimesoma vitabu vya kutosha kuhusu mchezo huu kujua kwamba yatima mpweke anapatikana kwenye meza za dunia nzima, na wasimulizi wengi wanamlalamikia. Mara nyingi wanasema sababu ni sinema na riwaya, ambamo shujaa ni lazima awe hana kwao. Sawa. Lakini mimi nadhani hapa kwetu kuna sababu nyingine, nitaifikia.

Kwanza niseme kilichotokea. Jumamosi ya kwanza niliwapeleka kwenye kijiji kilichovamiwa usiku. Mzee wa kijiji analia, anawaomba msaada. Mhasibu akaniangalia akasema: mtu wangu hayamhusu, anaendelea na safari. Na kwa haki kabisa alikuwa sahihi! Mtu asiye na ndugu, asiyemdai mtu wala kudaiwa, anayetaka tu kutembea peke yake, atasimama kwa ajili gani? Namba zake zilikuwa nzuri kuliko za wote mezani, lakini hakuwa na sababu hata moja ya kuwemo kwenye hadithi. Wale watatu wengine wakafuata nyayo. Tukakaa saa nzima nikiwabembeleza watu wazima waokoe kijiji.

Aliyetuokoa ni rafiki yetu nesi, ambaye siku hiyo alikuwa ametoka zamu ya usiku na alimtunga mhusika wake kwa dakika 20 hivi. Alimwita Siwema. Alikuwa askari wa lango la mji, nguvu 15, hekima 8. Ana mdogo wake, Makame, anayesomea uchawi mjini, na ada ni Siwema anayelipa. Anaogopa maji kwa sababu baba yao alizama. Basi, sentensi nne tu.

Lakini tazama sentensi hizo nne zilivyo na kazi. Siwema akakubali kukisaidia kijiji kabla sijamaliza kuomba, kwa sababu aliuliza swali moja: wanalipa kiasi gani? Muhula unakaribia kufunguliwa. Ile hekima 8, ambayo wenzake wangeificha, yeye aliifanya kuwa tabia: Siwema anamwamini kila mtu anayemwita dada. Majambazi wawili walimwingiza mkenge kwa namna hiyo na tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Halafu wiki ya tatu nikawafikisha mtoni. Makame alikuwa ng'ambo, ameshikiliwa na watoza ushuru, na daraja limekatwa. Wote wakamgeukia nesi. Hakusema neno kwa muda, kisha akasema: Siwema anaingia majini. Kwa kuwa anaogopa, kanuni inataka arushe dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo. Zikatoka 17 na 3. Meza nzima ikashika kichwa. Na hapo yule mpiga mishale wa mhasibu, asiyehusika na mtu, akasema anafunga kamba kwenye mshale na kuufyatua ng'ambo. Mwizi akaruka majini na ncha nyingine ya kamba. Hakuna aliyewaamuru. Mdogo wa mtu mmoja alikuwa ameshakuwa shida ya wote.

Tangu siku ile nina maswali matatu ninayomuuliza kila anayetaka kucheza nasi. Nimeyatoa kazini. Sisi waandishi tuna ugonjwa wetu: tunaandika jina, umri kwenye mabano na mkazi wa Mbagala, tunaamini tumemtambulisha mtu. Hizo ni kama zile namba sita tu. Ukitaka mtu azungumze kweli lazima uende mbali zaidi. Kwa hiyo nauliza: mtu wako anataka nini mwezi huu, si maishani? Anaogopa nini ambacho wenzake watakigundua? Na nani anamtegemea, au yeye anamtegemea nani? Karatasi ya mhusika ya toleo la 2014 yenyewe ina nafasi za kuandika tabia, misimamo, vifungo na udhaifu wake. Watu wanaruka nafasi hizo kwenda kwenye silaha. Zijazeni, tena kwa sentensi fupi. Historia ya kurasa kumi haisaidii, maana yote ya muhimu yanakuwa yameshatokea kabla hatujakaa mezani.

Sasa ile sababu niliyoahidi. Usiku ule wa mtoni nilimsindikiza mhasibu kituoni. Nikamuuliza kwa utani kwa nini alimuua baba na mama wa mpiga mishale wake. Hakucheka. Akasema kila tarehe 25 simu yake inaanza kuita. Ada ya mdogo wake wa kidato cha tatu, dawa za mama yake presha, mchango wa harusi ya binamu, bati la nyumba ya babu. Anawapenda wote, akasema, lakini Jumamosi usiku alitaka kwa saa nne tu awe mtu ambaye hakuna anayempigia.

Sikuwa na la kumjibu, maana mshahara wa mwandishi nao unajulikana unavyogawanywa. Wengi wetu wenye miaka 20 na kitu, wenye digrii moja na wategemezi watano, tunajua anachosema. Uyatima wa mezani ni likizo. Simlaumu mtu kutaka likizo.

Ila niliona uso wake alipofyatua ule mshale wenye kamba. Hakuwa na sura ya mtu aliye likizo. Alikuwa na furaha ambayo sikuiona zile wiki mbili alizotembea peke yake. Nadhani tofauti ni kwamba mezani mzigo unauchagua mwenyewe, na wenzako wanne wanaushika upande wa pili. Nyumbani mara nyingi unaubeba peke yako.

Jumamosi iliyofuata aliwahi kufika kuliko wote. Akaomba ufutio, akafuta mstari mmoja kwenye karatasi yake, akaandika kwamba mama wa mpiga mishale hakufa, yuko bandarini anauza samaki na hajui mwanawe yuko wapi.

Nikamuuliza kama ana uhakika, kwa sababu kwangu mimi msimulizi hiyo ni ruhusa ya kumtumia mama huyo nitakavyo. Akasema anajua. Basi Jumamosi hii tunaelekea bandarini.