Trekta Lilipochemsha Njiani Kwenda Ruangwa

Ndugu msomaji, kama hujafika Nachingwea, karibu tusafiri pamoja. Ukifika utaona nchi tambarare yenye udongo mwekundu. Mikorosho iko kulia, mikorosho iko kushoto. Wenyeji wengi ni Wamwera. Wanalima korosho, ufuta, mbaazi, karanga na mihogo.

Utasikia pia mahali panapoitwa Farm 17. Usishangae jina hilo la Kizungu. Lilibaki tangu enzi za mashamba ya karanga ya Waingereza. Baadaye wapigania uhuru wa FRELIMO walifanya mafunzo yao hapo, kabla Msumbiji haijapata uhuru mwaka 1975.

Habari ya karanga hizo ni hii. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika. Ilianza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Ilijengwa hata reli kutoka pwani mpaka hapa Nachingwea. Matrekta mengi ya mwanzo yalikuwa makuukuu, mabaki ya Vita Kuu ya Pili, mengine yaliletwa kutoka Ufilipino. Yaliharibika upesi. Vipuri vilikuwa haba, na madereva hawakupewa muda wa kujifunza vizuri. Mvua na udongo navyo havikufuata mahesabu ya wakubwa. Mwezi Januari mwaka 1951 Waingereza walitangaza kwamba wanauacha mpango ule. Pauni zaidi ya milioni 35 zilikuwa zimekwisha kutumika. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na chuma zake zikang'olewa.

Nilipoletwa huku kuwa Bwana Shamba, wazee walinisimulia mambo hayo, nami nilicheka. Nilisema moyoni, watu wale hawakujua kutunza mashine. Sasa sikiliza yaliyonipata mimi.

Ilikuwa mwezi wa Novemba mwaka 2016. Kikundi kimoja cha wakulima kilikuwa na trekta moja lililonunuliwa kwa mkopo. Kilikuwa kimepata kazi ya kulima mashamba ya watu upande wa Ruangwa. Wenye mashamba walikuwa wamelipa nusu ya fedha. Mvua zilikuwa karibu kuanza. Kikundi kiliniomba nifuatane na dereva ili nikapime mashamba hayo. Tuliondoka alfajiri. Dereva alikuwa usukani, nami nilikaa kwenye tela pamoja na jembe la sahani na pipa la dizeli.

Kutoka Nachingwea hadi Ruangwa ni zaidi kidogo ya kilometa 50. Wakati ule tulipita katika vumbi tupu. Ukikaribia Ruangwa, nchi inabadilika. Vilima vinaanza, na mawe makubwa yanatokeza. Ni nchi ya kupendeza macho, lakini injini inayovuta mzigo haipendi vilima.

Katika mlima wa pili nilisikia sauti kama ya panya mbele ya injini. Dereva alisema ni mkanda tu. Baadaye mshale wa joto ulipanda mpaka kwenye rangi nyekundu. Tulipunguza mwendo. Baada ya muda mfupi mshale ukashuka wenyewe, tena ukashuka sana.

Dereva akafurahi. "Bwana Shamba, imepoa," akasema.

Nami nikamjibu, "Twende, kijana."

Hapo ndipo nilipokosa, ndugu msomaji. Kipimo kile kinapima joto la maji. Maji yakiisha, kipimo kinabaki hewani, na mshale unaweza kushuka huku injini inaungua. Mshale ukishuka ghafla wakati injini bado inavuta mzigo, hiyo si habari njema. Simama mara moja.

Sisi hatukusimama. Tulikwenda kama nusu kilometa. Injini ikaanza kukosa nguvu, na tukasikia harufu ya rangi inayoungua. Dereva akazima. Moshi wa maji ulikuwa unatoka chini ya rejeta, kidogo tu, kwa sababu maji yenyewe yalikuwa karibu kwisha.

Dereva alikimbilia kifuniko cha rejeta akiwa na kitambaa mkononi. Nilimshika mkono. Wewe pia usifungue kifuniko wakati injini ni ya moto. Maji na mvuke vilivyofungiwa ndani vitaruka usoni pako. Nimemwona mtu aliyeungua kifua kwa namna hiyo. Usimwage pia maji baridi juu ya injini ya moto wala ndani yake. Chuma kinaweza kupasuka, na ufa wa injini hauzibwi kwa sabuni.

Tulikaa chini ya mkorosho zaidi ya saa moja. Mama mmoja alitoka kwenye nyumba ya karibu na kutuletea ndoo ya maji. Novemba huku maji ni shida, visima vingi vinakuwa na matope. Tulimshukuru sana. Tuliyachuja maji yale kwa kanga yake, kwa sababu mchanga ukiingia ndani ya rejeta unaziba vijia vyake vyembamba.

Wakati tunangoja, tulitafuta maji yametokea wapi. Watu wengi injini ikichemsha wanatafuta maji ya kuongeza tu. Wanajaza, wanaondoka, na mbele wanasimama tena. Lakini maji hayaishi bila sababu. Ama yanavuja, ama hayazunguki ndani ya injini.

Kwanza tuliutazama mkanda. Katika matrekta mengi, mkanda huo mmoja unazungusha feni na pampu ya maji pia. Ukikatika au ukilegea, vyote viwili vinakoma au vinazunguka ovyo. Wetu ulikuwa mzima, na ulipobonyezwa kwa dole gumba uliingia kidogo tu.

Tukaangalia mabomba ya mpira. Hayakuwa na ufa.

Kisha nikalala chini na kutazama pampu yenyewe. Chini ya pampu pana tundu dogo, ambalo ncha ya penseli inaweza kuingia. Tundu hilo halikuwekwa kwa makosa. Ndani ya pampu mna sili inayozuia maji yasifike kwenye beringi. Sili ikichoka, maji hutokea kwenye tundu hilo ili uyaone. Chini ya tundu letu palikuwa na mstari wa kutu na chumvi nyeupe. Haukuwa mstari wa siku moja. Pampu ilikuwa inavuja wiki nyingi, na kila asubuhi dereva alikuwa akijaza maji bila kuuliza.

Injini ikiwa imezimwa, shika bapa la feni ulitikise mbele na nyuma. Feni yetu ilicheza kama jino la mzee. Maana yake beringi ya pampu imekwisha. Ile sauti ya panya ilikuwa sauti yake.

Lakini kazi ilikuwa haijaisha. Injini ikichemsha sana, gasketi ya silinda hedi inaweza kuungua, na maji yakaingia kwenye oili. Tulichomoa kijiti cha kupimia oili. Kama oili ingekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, tusingewasha tena kabisa. Ilikuwa nyeusi kama kawaida. Nilishusha pumzi. Mkopo wa watu 20 ulikuwa kwenye kijiti kile.

Hatukuwasha. Tulivutwa na lori hadi Ruangwa. Fundi wa pale, mzee mmoja mpole, alinisikiliza mpaka mwisho. Tulijaza maji, akawasha kwa dakika chache huku kifuniko kikiwa wazi. Alikuwa anatafuta mapovu yasiyokoma, ambayo ni dalili ya gasketi kuungua. Hayakuwapo. Akafungua pampu, akanionyesha beringi iliyosagika.

"Shikamoo yako nimeipokea, Bwana Shamba," akaniambia, "lakini mtu wa shule kama wewe mbona hukuliona tundu hili?"

Sikuwa na jibu.

Aliniambia kwamba pampu za maji ni za namna nyingi. Mashine nyingine za kusaga hazina pampu kabisa. Zina pipa la maji pembeni. Maji ya moto yanapanda, ya baridi yanashuka, basi yanazunguka yenyewe. Hapo kazi yako ni kuangalia pipa limejaa juu ya bomba la juu. Injini za boti za kule Lindi na Kilwa hunyonya maji ya bahari kwa kigurudumu kidogo cha mpira. Maji hayo yanatoka nyuma kama uzi. Uzi ukikatika, zima injini upesi, kisha tazama kama mfuko wa plastiki umeziba mdomo wa kunyonyea. Ukiiwasha boti nchi kavu bila maji, mpira unaungua mara moja. Na ukibadilisha mpira uliokatika, tafuta vipande vyote vilivyokatika. Kipande kimoja kikibaki ndani ya njia ya maji, mpira mpya hautakusaidia.

Pampu mpya iliagizwa Mtwara. Ilikuja na basi siku ya tatu. Mvua ilinyesha usiku wa pili. Wenye mashamba wawili hawakuweza kungoja, wakamwita mwenye trekta mwingine na kudai fedha zao. Kikundi kiliwarudishia. Katika kikao niliulizwa nilikuwa wapi trekta lilipoungua. Nilisema nilikuwa kwenye tela, na kwamba ni mimi niliyesema twende.

Mkopo ulichelewa kulipwa kwa msimu mmoja. Ulimalizika baada ya mauzo ya korosho ya mwaka uliofuata.

Dereva yule bado anaendesha. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, anapitisha kidole chini ya pampu, kisha anakitazama kama kina maji. Pampu ya zamani imetundikwa mlangoni mwa ofisi ya kikundi. Watoto hupenda kuizungusha ili wasikie inavyolia.