Mgeni wa Mkia Mrefu Mtaani Kapsoya

Ukifika Eldoret, msomaji mpendwa, usikimbilie Iten kuwatazama wanariadha kabla hujapita Kapsoya. Mtaa huu uko mashariki mwa mji, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,000, na asubuhi utahitaji sweta. Amka mapema, keti karibu na mpera au ua wa kayaba, kisha unyamaze.

Kwanza utasikia mlio mkali, kama mtu anayekwaruza sahani kwa uma. Mara kitu cha rangi ya kutu kitakatiza mbele yako kikiburuta utepe. Huyo ndiye mkamata nzi wa mkia mrefu, ambaye wataalamu humwita Terpsiphone viridis. Kichwa chake ni cheusi chenye mng'ao wa samawati, na jicho limezungukwa na duara la samawati, utadhani amejipaka wanja. Uzani wake ni gramu 15 hivi tu, lakini mkia wa dume waweza kuushinda mwili kwa urefu.

Huwinda hewani. Hukaa tawini kivulini, na akiona nzi au nondo hutoka mbio, akamdaka angani na kurudi. Asili yake ni misitu kama ule wa Kaptagat, ila hana maringo: miti michache yenye kivuli yamtosha.

Ikikosekana hata hiyo, basi. Jamaa yake wa Ushelisheli alipungua sana misitu ya huko ilipokatwa, hata mwaka 2008 ndege 23 wakahamishwa kutoka kisiwa cha La Digue hadi Denis ili kizazi kisiishe.

Na Kapsoya nayo inajengwa kila kukicha. Nilipokuwa huko kwa shemeji yangu, ploti ya jirani ilikuwa ikiinuliwa ghorofa, na tawi la mpera lilizuia jukwaa la mafundi. Kwenye panda yake palikuwa na kiota kidogo kama kikombe cha kahawa, kilichofumwa kwa nyuzi za mimea na kufungwa kwa utando wa buibui. Dume na jike walikuwa wakipokezana kuatamia. Zamu ya dume ilipofika, mkia wote ulining'inia nje!

"Mzee, kwani hako kandege kanalipa kodi ya ploti?" fundi aliniuliza, panga mkononi.

Nikamweleza kwamba mayai huanguliwa kwa wiki mbili hivi, na makinda hukaa kiotani karibu wiki mbili nyingine. Alicheka. Mama mwenye ploti, aliyekuwa akisikiliza, akasema waanze kwanza ukuta wa upande wa pili.

Tawi lilikatwa mwezi uliofuata. Fundi alikiokota kiota kikiwa kitupu, akakipeleka nyumbani kuwaonyesha watoto wake.