Mgeni na Mwenyeji Katika Kumbukumbu ya Tarakilishi

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Wanasayansi wa tarakilishi nao wana mgeni na mwenyeji wao. Mwenyeji ni tarakilishi halisi iliyo mezani, yenye kichakataji na kumbukumbu yake. Mgeni ni mashine pepe, yaani tarakilishi isiyoshikika inayoishi ndani ya ile halisi, ikiwa na programu endeshi yake yenyewe na kuamini kwamba nyumba yote ni yake. Kati yao husimama programu msimamizi, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kuwa mgeni hagusi kisichokuwa chake. Wazo hili si jipya: kampuni ya IBM ililifanyia kazi tangu miaka ya 1960.

Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili anatafuta nini huko. Utafiti wangu unahusu tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Sehemu kubwa ya unukuzi niliourithi kwa mtafiti aliyenitangulia ilihifadhiwa kwa programu inayokubali Windows XP pekee. Microsoft iliacha kuihudumia XP mnamo Aprili 2014, na kuiunganisha na mtandao leo ni sawa na kulala mlango wazi. Hivyo basi, njia salama ilikuwa kuikaribisha kama mgeni, ndani ya mashine pepe isiyofika mtandaoni. Lau si hivyo, jasho la mtu la miaka mingi lingebaki sandukuni, na ufunguo haupo.

Nilikuwa na wenyeji wawili wa kuchagua. Wa kwanza ni tarakilishi kuukuu ya maabara, yenye kichakataji cha Core 2 Duo na kumbukumbu ya gigabaiti 8. Wa pili ni kipakatalishi changu cha mtumba, chenye Core i5 na gigabaiti 4 tu. Kwa hesabu ya haraka, mwenye nafasi kubwa ndiye angestahiki kupokea mgeni. Kabla sijaamua, fundi wa maabara aliniuliza, "Ndugu yangu, kati ya hawa wawili, ni yupi anayejua kutafsiri mara mbili?"

Swali hilo linahitaji maelezo. Kumbukumbu ya tarakilishi hugawanywa katika kurasa, aghalabu za kilobaiti 4 kila moja. Programu inapotaka ukurasa, hutaja anwani yake ya kudhania. Kichakataji hutazama jedwali la kurasa na kuitafsiri iwe anwani halisi. Akiwamo mgeni, tafsiri moja haitoshi. Jedwali la mgeni hutoa anwani anayoiamini kuwa halisi, ilhali kwa mwenyeji hiyo nayo ni ya kudhania, na lazima itafsiriwe tena. Sisi wanafunzi wa tafsiri tunaijua hali hii: ni kama tamthilia ya Kigiriki inayotufikia kupitia Kiingereza.

Vichakataji vya zamani havikuweza kuifanya tafsiri hiyo ya pili. Programu msimamizi ilitunga jedwali kivuli, lililoruka kutoka anwani ya kwanza hadi ya mwisho moja kwa moja. Tatizo ni kwamba kila mgeni alipobadilisha jedwali lake, msimamizi alilazimika kuingilia kati na kurekebisha kivuli. Mnamo 2007 AMD ilitoa vichakataji vinavyoyapitia majedwali yote mawili vyenyewe, na Intel ikafuata mnamo 2008. Njia hii nayo ina gharama: majedwali yakiwa na ngazi nne kila upande, tafsiri moja yaweza kuhitaji kusoma kumbukumbu mara 24 badala ya mara 4. Hata hivyo, kichakataji huweka akiba ya tafsiri za karibuni, na mgeni hubadilisha jedwali lake bila kumsumbua mwenyeji. Core 2 Duo haina uwezo huo. Core i5 inao.

Kuhakiki si kazi kubwa. Katika Linux, fungua faili ya /proc/cpuinfo na utafute alama za vmx na ept kwa Intel, au svm na npt kwa AMD. Katika Windows, amri ya systeminfo huonyesha mwishoni masharti ya Hyper-V, likiwamo la tafsiri ya ngazi ya pili. Fauka ya hayo, tazama BIOS, kwani uwezo huo waweza kuwapo na umezimwa.

Nilikichagua kipakatalishi. Nilimtengea mgeni gigabaiti 1, inayoitosha XP, na kumwachia mwenyeji 3. Ugavi huu nao una adabu yake: mwenyeji aliyegawa hadi mkeka wake wa kulalia huanza kuhamishia kurasa kwenye diski, na hapo wote wawili hutaabika. Unukuzi ulifunguka, nami nikaanza kuuhamishia katika muundo ambao programu za leo huusoma.

Wanaonunua tarakilishi za mitumba huuliza gigabaiti kwanza. Rai yangu kwa wanafunzi wenzangu ni kwamba waulize pia kuhusu kichakataji, kwani ukubwa wa nyumba si ukarimu wa mwenye nyumba. Nayo rai yangu kwa wahadhiri wetu ni kwamba taaluma hii isidhaniwe kuwa haisemeki kwa Kiswahili. Mgeni, mwenyeji, kivuli, ukurasa na tafsiri ni maneno yaliyokuwamo lugha hii kabla ya tarakilishi yoyote kufika pwani yetu. Kilichobaki ni sisi kuyatumia.