Barua za Buvi

Mwaka 1987 nilikuwa nasoma Tashkent, Uzbekistan ikiwa bado ndani ya Muungano wa Kisovieti. Bwenini tulilala wanne chumba kimoja: mimi mtu wa Tanga, Muuzbeki, Mkazaki na Mturkimeni. Mchana kutwa ni Kirusi. Usiku wenzangu walirudi kwenye lugha za kwao, kila mtu na yake, na bado walielewana kwa kiasi. Niliwaomba wanihesabie. Nane kwa Muuzbeki ni sakkiz, kwa Mkazaki segiz. Mturkimeni aliandika sekiz, akatamka thekidh, ulimi kati ya meno. Ghorofa ya juu alikaa msichana wa Kiyakuti kutoka barafu za Siberia. Tano yake ilikuwa bies, kwa Muuzbeki besh. Toka Yakutsk hadi Istanbul, ukoo mmoja wa lugha.

Lakini kilichonikaa moyoni ni nyumba ya yule Muuzbeki. Alinipeleka kwao sikukuu ya Navruz, mwezi Machi. Bibi yake, wao humwita buvi, alinimegea mkate wa duara wenye nakshi katikati, akanimiminia chai kidogo tu. Nilidhani imekwisha. Kumbe mgeni wa heshima hajaziwi bakuli: akinywa kidogo, mwenyeji hupata nafasi ya kummiminia tena na tena.

Baada ya kula buvi akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na barua za mumewe, aliyekwenda vitani mwaka 1942 asirudi. Zimeandikwa Kiuzbeki kwa herufi za Kiarabu, zile walizofundishwa wote wawili utotoni. Mwishoni mwa miaka ya 1920 serikali ilileta herufi za Kilatini. Mwaka 1940 ikaziondoa, ikaweka za Kirusi. Mwana wa buvi alianza shule kwa Kilatini akamaliza kwa Kirusi, na mjukuu akakuta Kirusi tu. Katika nyumba ile hapakuwa na mwingine wa kuzisoma, na macho ya buvi yalikuwa yameingia mtoto wa jicho.

Nikasema, herufi hizi nazijua. Nilifundishwa chuo cha Kurani, na bibi yangu mzaa mama aliandika Kiswahili kwa herufi hizohizo hadi anafariki. Mjukuu akamfasiria. Buvi akanisogezea karatasi.

Penseli ilikuwa imefifia kwenye mikunjo. Nikaanza kusoma, sauti bila maana. Irabu zilinishinda, naye akanisahihisha: "Yo'q, bolam." Hapana, mwanangu. Rafiki yangu alikuwa amenieleza kwamba maneno yao huota mkia: xat ni barua, xatlar barua nyingi, xatlarim barua zangu, xatlarimdan kutoka katika barua zangu. Hiyo xat ndiyo hati yetu. Basi nikawa nayatambua, moja hapa moja pale: salomat, salama, dunyo, dunia. Nilipofika kwenye sabr sikuhitaji kufasiriwa. Mume alikuwa akimwomba mkewe awe na subira. Nikatazama juu, nikaona midomo ya buvi imenitangulia.

Mwisho wa barua aliichukua, akailainisha mikunjo kwa dole gumba, kisha akanirudishia.

"Yana," akasema. Tena.