KUTOKA MBEZI HADI KIVUKONI

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Dar es Salaam kwa basi, akipita Namanga, Arusha, Moshi na Chalinze, hushushwa Mbezi, mbali na mji wenyewe. Zamani alishushwa Ubungo, lakini mwaka 2021 mabasi ya mikoani yalihamishiwa kituo kikubwa kilichopewa jina la Rais Magufuli. Mimi nilifika huko usiku, nikalala katika nyumba ya wageni, na alfajiri nikatoka kwenda mjini pamoja na watu waendao kazini. Safari hiyo fupi ndiyo ninayotaka kuwasimulia wasomaji, wala si ile ndefu ya kutoka Nairobi.

Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Wengi wao hukaa mbali, Kimara, Mbagala, Gongo la Mboto au Tegeta, lakini bandari, maofisi na soko la Kariakoo viko kule kule karibu na maji. Kwa hiyo kila asubuhi mji huinamia upande mmoja, kama mtumbwi ambao abiria wake wote wameketi ubavu mmoja.

Kutoka Mbezi hadi Kimara nilipanda daladala. Jina hili litamchekesha Mkenya akijua asili yake. Serikali ya Tanzania iliporuhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria mwaka 1983, kwa sababu mabasi ya shirika la UDA hayakutosha, nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala. Matatu yetu nayo yalipata jina kwa senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi. Basi ndugu hawa wawili wote walibatizwa na nauli. Konda wa daladala, ambaye sisi humwita makanga, hupiga kelele vile vile, ila huyu wa Dar es Salaam huchanganya na "samahani mzee" na "shikamoo mama".

Kimara mambo hubadilika. Hapa ndipo ianzapo njia ya mabasi yaendayo haraka, ambayo watu huyaita mwendokasi. Katikati ya Barabara ya Morogoro zimetengwa njia zao peke yao, zikizuiwa kwa kingo za zege, nazo motokaa za watu binafsi hubaki pembeni. Vituo vimejengwa katikati ya barabara. Abiria hulipa kabla ya kupanda, husubiri juu ya sakafu iliyoinuliwa sawa na sakafu ya basi, na basi likifika huingia bila kupanda ngazi. Mzee mwenye mkongojo huingia kama aingiavyo chumbani kwake. Kwenye vituo njia hupanuliwa, ili basi lisilosimama hapo lilipite lile lililosimama. Mabasi yenyewe ni marefu, na mengine yameunganishwa katikati kama mabehewa mawili.

Huduma hii ilianza Mei 2016 kwa mabasi 140, na njia yake ya kwanza, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ni kilomita 20.9. Nauli ya njia kuu wakati huo ilikuwa shilingi 650 za Tanzania, na mwanafunzi alilipa 200.

Karibu nami alisimama mama mmoja mwenye ndoo ya vyombo, apikaye chakula karibu na kivuko. Nilimwamkia, akanijibu, akaniuliza kama natoka Kenya, kwa maana alisikia matamshi yangu. Aliniambia kwamba wakati wa daladala tupu alikuwa akiamka saa tisa ya usiku ili afike kabla wavuvi hawajamaliza kuuza, na mara nyingi alikaa barabarani saa mbili na zaidi. Sasa huamka saa kumi na moja. "Nimerudishiwa usingizi wangu, kaka," alisema.

Tulipita Ubungo chini ya barabara za juu, tukapita Urafiki, penye kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China, kisha Manzese na Magomeni. Upande wa kushoto niliona motokaa nzuri zimesimama mstari mrefu, wenyewe wakitutazama. Nakiri kwamba nilifurahi kidogo, ingawa si furaha ya kiungwana.

Lakini Jangwani furaha hiyo ilipungua. Hapa ni bonde la mto Msimbazi, na ndani ya bonde hilo hilo ndipo walipojenga karakana ya mabasi. Mvua kubwa zikinyesha mto hufurika, barabara hufungwa, na mwaka 2018 maji yaliingia katika karakana yakaharibu mabasi. Mkulima ye yote angaliwaambia kwamba bondeni hapajengwi ghala. Mradi wa bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliukubali mwaka 2022, ulipangwa kujenga daraja jipya hapo na kuiondoa karakana.

Taabu nyingine ni upungufu wa mabasi. Mengine 70 yaliyoletwa mwaka 2018 yalikaa bandarini muda mrefu kwa ajili ya mabishano ya kodi, huku watu wakisukumana vituoni. Njia ya pili, ile ya Mbagala kwa Barabara ya Kilwa, ya kilomita 20.3, ilijengwa ikakaa tupu, na wakazi wa Mbagala walilitazama zege hilo mpaka mwaka 2025 ndipo mabasi yakaanza kupita.

Hata hivyo nalitazama zege hilo kwa wivu. Mwaka 2018 sisi tulichorewa mstari mwekundu juu ya barabara ya Thika, tukaambiwa kwamba ndani yake ni njia ya mabasi. Motokaa ziliukanyaga siku hiyo hiyo, kwa kuwa rangi haimzuii mtu. Karani akaaye Ruiru au Juja angali anaondoka nyumbani gizani, kama yule mama alivyokuwa akiondoka Kimara.

Tulipita Fire, Kisutu na Posta ya Zamani, tukafika Kivukoni jua likiwa bado chini juu ya bahari. Milango ilifunguka, watu wakamwagika nje, wengine mbio kwenye pantoni ya Kigamboni. Nilimsaidia mama kuteremsha ndoo yake. Alinishukuru, akajitwika, akaelekea soko la samaki, ambako wavuvi walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kunadi.